Siku ya margarita: anayelima husubiri, mwenye jina huvuna

Na Mwandishi wa Masoko

Kila ifikapo Februari 22, baa na mahoteli ya Marekani huadhimisha siku ya margarita, kokteli maarufu inayotengenezwa kwa tequila. Siyo sikukuu ya serikali wala ya dini. Ni siku ya biashara. Wenye baa hupunguza bei kwa saa chache ili kuvuta wateja, viwanda vya pombe hutangaza chapa zao, na wauzaji wa ndimu, chumvi na bilauri hujiandaa na shehena mapema.

Mfanyabiashara wa Rungwe Mpya, wilayani Kasulu, ana haki ya kuuliza siku hiyo inamhusu nini. Wasomaji wetu wengi wa Kigoma hawanywi kabisa kwa sababu za dini, na wanaokunywa wamezoea bia, Konyagi au pombe ya ndizi. Hata hivyo, bilauri moja ya margarita ni soko dogo. Mna bidhaa nne ndani yake, na kila moja ina mkulima au mchimbaji wake, kiwanda chake, msafirishaji wake na mchuuzi wake. Mbili kati ya hizo zina historia ndefu na watu wa Kasulu na Kibondo, yaani chumvi na mmea wa jamii ya mkonge.

Wiki hii tunaichambua bilauri hiyo ili kuona fedha inakwenda wapi. Sababu yetu ni kwamba kila msimu mwenye akiba ndogo hushauriwa apande zao fulani kwa vile bei yake iko juu. Huambiwa jirani amejenga, fulani amenunua pikipiki, naye asichelewe. Wakulima wa Meksiko walioisikia hadithi kama hiyo wamekwisha kuona mwisho wake zaidi ya mara moja, na hesabu yao inafaa kusomwa na mtu yeyote kabla hajauza ng'ombe ili anunue miche.

Yaliyomo ndani ya bilauri

Kwa kipimo cha chama cha kimataifa cha wahudumu wa baa, IBA, margarita moja huwa na mililita 50 za tequila, mililita 20 za pombe tamu yenye ladha ya ganda la chungwa, na mililita 15 za maji ya ndimu. Ukingo wa bilauri hulowanishwa kwa ndimu na kupakwa chumvi.

Wanaodai kuitunga kokteli hii ni wengi, Meksiko na Marekani, na madai mengi ni ya miaka ya 1930 na 1940. Hakuna aliyewashinda wenzake kwa ushahidi. Kinachojulikana vizuri zaidi ni jinsi ilivyogeuka kuwa biashara kubwa. Mwaka 1971 Mariano Martinez, mwenye mgahawa mjini Dallas, Texas, alikuwa na tatizo ambalo mama lishe yeyote analifahamu: wateja walikuwa wengi, wahudumu walishindwa kuchanganya vinywaji kwa haraka, na kila mmoja alitoa ladha yake. Mei 11 mwaka huo alianza kutumia mashine ya aiskrimu laini aliyoibadilisha ili itoe margarita ya barafu. Ladha ikawa moja, foleni ikapungua, mauzo yakapanda.

Martinez hakuiandikisha mashine hiyo kuwa hataza yake. Wenzake waliiga, na margarita ya barafu ikaenea Marekani nzima. Yeye alibaki na migahawa yake na sifa, na mwaka 2005 mashine ilichukuliwa na jumba la makumbusho la Smithsonian mjini Washington. Ada ya uvumbuzi kutoka kwa walioiga hakuipata. Msomaji mwenye mbinu mpya ya kazi, iwe ya kufungasha asali au kukausha dagaa, na aliweke jambo hili akilini.

Mmea unaovunwa mara moja

Tequila hutokana na agave ya buluu. Mmea huu hauna haraka. Kwa kawaida huchukua miaka 5 hadi 7 kukomaa. Ukikomaa hung'olewa, majani yenye miiba hukatwa, na moyo wake, ambao Wameksiko huuita nanasi kwa jinsi unavyofanana na tunda hilo, hupelekwa kiwandani. Huko hupikwa, hukamuliwa, maji yake huchachushwa na kukenekwa. Lita moja ya tequila ya agave tupu inaweza kuhitaji kilo zipatazo 7 za mioyo hiyo. Mkulima huvuna mara moja tu, kisha hana budi kuanza upya.

Hapo ndipo tatizo la bei linapoanzia. Mwishoni mwa miaka ya 1990 agave ilikuwa nyingi na bei ilikuwa duni, kiasi kwamba wakulima wengi waliacha kupanda. Kufikia mwaka 2000 mimea ilikuwa imeadimika, tena magonjwa yalikuwa yameshambulia mashamba. Bei ikaruka mara nyingi zaidi ya ile ya awali. Watu wakakimbilia kupanda, wakiwamo wasiowahi kulima agave. Miaka kadhaa baadaye mioyo yote hiyo ilikomaa kwa pamoja, na bei ikaporomoka tena. Waliokata tamaa waling'oa au wakaacha magugu yatawale.

Mzunguko ukajirudia. Unywaji wa tequila uliongezeka sana Marekani, na mwaka 2022 mapato ya tequila na mezcal katika nchi hiyo yaliyapita ya whisky ya Kimarekani. Mwaka huo huo Meksiko ilitengeneza zaidi ya lita milioni 600 za tequila. Tangu karibu 2018 mkulima aliweza kupata zaidi ya peso 25 kwa kilo ya agave. Maelfu ya hekta zikapandwa. Ilipofika 2024 kilo ilikuwa imeshuka chini ya peso 10, na wengine waliuza kwa bei isiyolipa hata gharama za kuvuna. Wakati huo viwanda vilikuwa na akiba kubwa ya pombe ghalani na havikuwa na haraka ya kununua.

Katika masomo ya biashara hali hii huitwa utando wa buibui. Mkulima hupanga ugavi wa miaka sita ijayo kwa kutazama bei ya leo. Bei ya leo huonwa na kila mtu, kwa hiyo kila mtu hupanda. Siku ya kuvuna, bei iliyowavuta haipo tena, na wao wenyewe ndio walioiua. Bei ikifa, wote huacha kupanda, na hivyo huandaa uhaba mwingine. Mazao ya miezi mitatu kama maharage hujisahihisha mapema, kwa maana aliyekosea msimu huu hubadili msimu ujao. Zao la miaka sita humwadhibu mkulima kwa miaka sita.

Tuchukulie mfano rahisi. Mtu akitia shilingi 1,000,000 katika zao la kusubiri miaka 6, wakati angeweza kupata asilimia 10 kwa mwaka mahali pengine, basi siku ya kuvuna anatakiwa kupata shilingi 1,771,561 ili tu asiwe amepoteza kitu. Kama fedha hiyo aliikopa kwa riba ya asilimia 17 inayojilimbikiza, anatakiwa kupata shilingi 2,565,164. Hapo hatujagusa palizi, mbolea, moto, mifugo ya jirani wala wizi. Wengi hujumlisha bei ya miche na vibarua, kisha huisahau gharama ya kusubiri.

Jina linalolindwa kisheria

Mwaka 1974 Meksiko ilitangaza kwamba jina tequila ni mali ya eneo maalumu. Pombe inayoitwa hivyo ni lazima itokane na agave ya buluu ya jimbo lote la Jalisco na sehemu za majimbo ya Guanajuato, Michoacán, Nayarit na Tamaulipas. Mwaka 1994 baraza la kusimamia ubora wake lilianza kazi, na mkataba wa biashara huria wa Amerika Kaskazini uliingia katika utekelezaji ukiwa unalitambua jina hilo. Umoja wa Ulaya nao ulilitambua kwa makubaliano ya mwaka 1997. Kwa hiyo mtu wa China, Hispania au Tanzania anaweza kukeneka pombe ya agave, lakini hawezi kuiita tequila.

Ulinzi huo umeleta fedha nyingi. Mwaka 2017 kampuni ya Diageo ya Uingereza ilikubali kununua chapa ya Casamigos, iliyoanzishwa mwaka 2013 na mwigizaji George Clooney pamoja na wenzake wawili, kwa bei iliyoweza kufikia dola bilioni 1. Mwaka huo huo kampuni mama ya José Cuervo iliuza hisa kwa umma katika soko la hisa la Meksiko na kukusanya zaidi ya dola milioni 900. Mwaka 2018 Bacardi iliinunua Patrón kwa hesabu iliyoithamini kampuni hiyo kuwa dola bilioni 5.1.

Msomaji aangalie kilichouzwa hapo. Chapa ya Casamigos ilikuwa na umri wa miaka minne tu, muda usiotosha hata mche mmoja wa agave kukomaa. Thamani ilikuwa katika jina, chupa, mtandao wa usambazaji na wateja waliolizoea. Aidha, sheria ya Meksiko inaruhusu aina ya tequila yenye asilimia 51 tu ya sukari ya agave, na iliyobaki ikatoka kwenye miwa au mahindi. Agave ikiwa ghali, kiwanda kinaweza kuongeza uzalishaji wa aina hiyo. Agave ikiwa rahisi, kinajaza maghala. Kiwanda kina milango miwili ya kutokea, na mkulima mwenye mioyo iliyokomaa shambani hana hata mmoja, kwa sababu mmea uliopitiliza huanza kutoa mlingoti wa maua na kuitumia sukari yake.

Wenye akiba ndogo hapa nchini hawakunyimwa kabisa nafasi upande wa pili wa mzani. Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza biashara Aprili 1998, na TBL iliorodheshwa baadaye mwaka huo huo. Konyagi inatengenezwa na Tanzania Distilleries, kampuni ambayo imekuwa tanzu ya TBL. Hatumshauri mtu anunue wala auze hisa hizo. Tunasema tu kwamba kuna njia ya kuwa mwenye jina bila kuwa na kiwanda, na mwenye hisa huweza kuuza sehemu ya mali yake wakati wowote anapopatikana mnunuzi. Mwenye shamba la miaka sita hawezi kuuza robo ya mmea.

Waha na binamu wa tequila

Agave si ngeni kwetu. Mkonge, kwa jina la kitaalamu Agave sisalana, ni ndugu wa agave ya buluu na asili yake pia ni Meksiko. Mwaka 1893 Mjerumani Dk. Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida kupitia bandari ya Hamburg. Iliyofika Tanganyika ikiwa hai ilikuwa 62 tu, ikapandwa karibu na Pangani. Kutokana na miche hiyo kukatokea mashamba makubwa ya Tanga na Morogoro.

Mashamba hayo yalihitaji watu, na serikali ya kikoloni iliihesabu Kigoma kuwa ghala la vibarua. Kodi ilimlazimu kijana wa Kasulu au Kibondo kutafuta fedha taslimu, na karibu na nyumbani hapakuwa na pa kuipatia. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda shirika la kuandikisha vibarua lililoitwa SILABU. Waha walipakiwa treni ya Reli ya Kati pamoja na watu wa mikoa mingine ya mbali na wa nchi jirani. Wakaitwa manamba, kwa vile kila mmoja alikuwa na namba yake. Kazi ilipimwa kwa kipande. Wako waliorudi na nguo na fedha kidogo, na wako ambao walihamia huko moja kwa moja. Hadi leo ziko familia za Waha Tanga na Morogoro ambazo babu zao walikwenda kukata mkonge.

Mkonge nao uliruka na kuanguka. Vita vya Korea vilipoanza mwaka 1950 bei ya katani ilipanda mno. Wenye mashamba wakapanua. Mwaka 1964 Tanganyika ilizalisha zaidi ya tani 230,000, na katani ikawa zao kuu la kuingizia nchi fedha za kigeni. Ndipo kamba za plastiki zikaingia sokoni. Bei ikashuka, mashamba mengi yakataifishwa mwaka 1967, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa umeanguka hadi tani zipatazo 20,000. Katika miaka ya karibuni, mahitaji ya nyuzi za asili yalipoongezeka, serikali iliwahimiza wakulima wadogo warudi kwenye mkonge, na mikoa isiyokuwa na historia ya mashamba hayo nayo ilitajwa.

Mkonge una nafuu moja kuliko agave ya buluu. Majani yake huanza kukatwa baada ya miaka kama mitatu, na huendelea kukatwa kwa miaka kadhaa kabla mmea haujatoa mlingoti. Lakini jani lililokatwa halikai. Ni lazima lifikishwe mapema kwenye korona, mashine ya kutenganisha nyuzi. Pasipo na korona karibu, mkulima hana bidhaa ya kuuza. Kwa hiyo mtu wa Rungwe Mpya anayeletewa habari za mkonge na aulize kwanza korona iko wapi na ni ya nani, ndipo aulize bei ya tani.

Je, tutengeneze yetu?

Kuna wanaouliza kama mkonge wetu unaweza kukenekwa. Afrika Kusini walijaribu jambo linalofanana na hilo. Katika nyika za Karoo, mjini Graaff-Reinet, agave iliyopandwa zamani kwa uzio na chakula cha mifugo ilianza kukenekwa kibiashara mwanzoni mwa miaka ya 2000. Pombe ilipatikana, ila hawakuweza kuiita tequila, wakalazimika kujenga jina jipya kutoka sifuri. Kazi ngumu ilikuwa ya soko, na inahitaji mtaji wa matangazo ambao mkulima mdogo hana.

Hapa nyumbani sheria ni kali zaidi ya wengi wanavyodhani. Tangu mwaka 1966 ipo sheria inayokataza kukeneka pombe kali bila leseni, na ndiyo inayowapeleka mahakamani wapika gongo. Mwenye kiwanda halali hupitia BRELA kwa jina la biashara na alama yake, Shirika la Viwango Tanzania (TBS) kwa ubora, na TRA kwa ushuru wa bidhaa. Tangu Januari 2019 chupa za pombe zimetakiwa kuwa na stempu za kodi za kielektroniki. Muuzaji naye huhitaji leseni ya vileo kutoka halmashauri.

Wafanyabiashara wa vinywaji wanakumbuka pia Machi 1, 2017, siku ambayo pombe za viroba zilipigwa marufuku. Mifuko hiyo midogo ya plastiki ilikuwa ikizunguka haraka kuliko bidhaa nyingine dukani. Amri ilipotolewa, aliyekuwa amejaza stoo kwa mkopo alibaki na mzigo asioweza kuuuza pamoja na deni linaloendelea kudai. Biashara ya kileo ina faida, lakini ina hatari ya sheria ambayo duka la unga halina. Faida kubwa inayoonekana kwenye karatasi ni sehemu ya malipo ya hatari hiyo.

Ndimu na chumvi

Bidhaa mbili zilizobaki hazihitaji leseni ya vileo. Ndimu ilionyesha makali yake mwaka 2014. Mvua, magonjwa ya miti na magenge ya wahalifu katika jimbo la Michoacán vilipunguza ndimu za Meksiko, na boksi la kilo 18 hivi likafikia dola 100 na zaidi katika masoko ya Marekani, kutoka bei ya kawaida isiyofika hata theluthi ya hapo. Baa zikapunguza vipande au zikatumia limau. Miezi michache baadaye bei ilikuwa imerudi chini. Aliyekuwa na miti inayozaa wakati ule alineemeka. Aliyepanda miti kwa sababu ya bei ile alichelewa, kwa kuwa mndimu nao huchukua miaka kuzaa vizuri.

Chumvi ndiyo inayotuhusu kwa karibu. Kusini mwa Kasulu, penye mito ya Malagarasi na Ruchugi, kuna chemchemi za maji ya chumvi za Uvinza. Utafiti wa mambo ya kale uliofanywa na John Sutton na Andrew Roberts miaka ya 1960 ulionyesha kwamba watu wamekuwa wakichemsha chumvi hapo kwa muda wa karne zipatazo 15. Richard Burton alipopita mwaka 1858 akielekea Ujiji aliikuta biashara hiyo ikiwa hai, na chumvi ya Uvinza ikisafiri mbali na kuvuka hadi ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Falme zimepita, Wajerumani, Waingereza na mashirika ya umma yamepita, na chumvi bado inauzwa.

Mmarekani hununua chumvi ya margarita ya chembe kubwa katika kikopo kidogo, kwa bei iliyo juu ya chumvi ya kawaida. Chumvi ni ile ile ya mezani kwa asili. Tofauti ni chembe, kikopo na jina. Hatusemi kwamba mchuuzi wa Rungwe Mpya apeleke chumvi Dallas. Usafiri peke yake ungemmaliza. Tunasema kwamba yeye na wenye baa wa Dallas wanaishi kwa kanuni moja, ambayo ni mzunguko.

Tuchukulie mfano mwingine, nao ni wa hesabu tu, si bei za soko. Mchuuzi ana mtaji wa shilingi 300,000 katika chumvi. Kila gulio la wiki anapata faida ya asilimia 4, yaani shilingi 12,000. Kwa magulio 50 ya mwaka amepata shilingi 600,000, mara mbili ya mtaji wake, na mtaji bado anao. Humo kuna ushuru wa soko, nauli na jasho lake, kwa hiyo faida halisi ni ndogo kuliko hiyo. Pia hawezi kuongeza mtaji bila mwisho, maana watu wa gulio moja hula chumvi kwa kiasi chao. Lakini akikosea wiki hii, atasahihisha wiki ijayo. Jirani yake aliyefunga 300,000 kwenye zao la miaka sita hataijua hesabu yake mpaka mwaka wa sita.

Mchuuzi huyo ana nafasi ya kuongeza thamani bila kiwanda. Anaweza kununua kwa gunia na kuuza kwa vipimo vidogo vilivyofungwa vizuri, safi, vyenye uzito wa kweli. Sharti lake ni kwamba chumvi ya kuliwa iwe imetiwa madini joto, jambo ambalo kanuni za nchi zimelitaka tangu miaka ya 1990. Anayeuza chumvi isiyo na madini hayo anahatarisha afya ya wateja wake na mzigo wake kukamatwa.

Maswali kabla ya kutoa fedha

Hatumkatazi mtu kupanda zao la muda mrefu. Kahawa ya Kigoma na mawese ya mwambao wa ziwa ni mazao ya kusubiri, na yamesomesha watoto. Shauri letu ni kwamba anayetaka kuingia ajibu maswali matano kwa karatasi na kalamu.

La kwanza, zao hili litakomaa mwaka gani, na watu wangapi wamepanda mwaka huu pamoja nami? Idadi ya miche inayouzwa wilayani ni habari muhimu kuliko bei ya leo. La pili, mnunuzi ni mmoja au ni wengi? Mnunuzi akiwa mmoja, bei ataipanga yeye. La tatu, zao likikomaa linaweza kungoja? Asali ya Kibondo hukaa vizuri chomboni na inaweza kungoja bei. Agave iliyokomaa haiwezi, na jani la mkonge lililokatwa haliwezi. La nne, nina kitu gani cha kuingiza fedha ya chumvi na ada ya shule wakati nasubiri? Asiyekuwa nacho atauza shamba likiwa changa kwa bei ya kutupa, na mnunuzi atakuwa yule mwenye fedha ya kusubiri. La tano, jina litakuwa la nani? Kikundi kinachouza bidhaa yake kwenye magunia yasiyo na alama kinamjengea jina mtu mwingine.

Swali hilo la tano ndilo rahisi kwa gharama na ndilo linalopuuzwa zaidi. Wakulima wa Jalisco wana mmea ambao hakuna anayeruhusiwa kutengeneza tequila bila huo, na bado mwaka 2024 wengi wao walikuwa wakihesabu hasara, huku chapa zilizouzwa kwa mabilioni zikiwa mikononi mwa makampuni. Kikundi cha Kasulu au Kibondo chenye asali, maharage au kahawa nzuri kinaweza kuanza na alama iliyosajiliwa, mzani wa kweli na mfuko mmoja unaofanana kila wiki. Ada za usajili ziulizwe BRELA kabla ya msimu wa mauzo kuanza, na afisa biashara wa halmashauri aulizwe kuhusu vibali vya TBS. Yafaa kazi hiyo ifanyike sasa, wakati mzigo bado uko shambani.